Chujio la Sampo Kwanza: Niliyojifunza Nikisafisha Tope la Oili kwenye Injini Kuukuu

Taa nyekundu ya oili iliwaka nikiwa Ubungo, Dar es Salaam, jioni moja ya Septemba 2019, wakati daraja la juu lilikuwa bado linajengwa na foleni ya kutoka mjini ikisogea kwa kujikokota. Nilizima injini palepale, nikawasha hazadi, na vijana wawili waliokuwa wakiuza maji wakanisaidia kulisukuma gari hadi pembeni. Nilichomoa stiki ya oili, nikaifuta, nikaichovya tena: oili ilikuwa imefika alama ya juu. Nilikaa karibu nusu saa nikimsubiri mtu wa kunivuta, kisha nikajaribu kuwasha, na taa ikazimika kana kwamba hapakuwa na tatizo lolote. Kwa kuiamini taa hiyo niliendesha gari kuelekea nyumbani Mbezi, jambo ambalo leo nisingelifanya. Njiani iliwaka tena mara mbili, na kila nilipoegesha na kusubiri, ilizimika.

Siku tatu kabla ya hapo nilikuwa nimeisafisha injini hiyo.

Gari lenyewe ni Toyota Corolla Spacio la mwaka 2003, lenye injini ya 1NZ-FE ya sentimita za ujazo 1,497, nililolinunua kwa mtu likiwa limekwisha kutumika hapa nchini kwa miaka kadhaa. Siku moja nilifungua kifuniko cha kujazia oili, nikamulika ndani kwa tochi ya simu, nikaona weusi mzito uliojikunja juu ya chuma kama lami iliyopigwa na jua. Kijana wa gereji ya jirani alinihakikishia kwamba ni kazi ya dakika ishirini. Alimimina lita moja ya mafuta ya taa juu ya oili iliyokuwamo, akaiacha injini iungurume sailensa, yaani bila kukanyagwa mafuta, kisha akaimwaga. Iliyotoka ilikuwa nyeusi kama wino na nyepesi kama chai ya rangi, nami nilipoiona ikijaza beseni niliridhika kwamba uchafu umetoka. Tukaweka filta mpya na oili mpya, na kwa siku mbili gari likawa jepesi kweli. Simlaumu yule kijana, kwa kuwa alifanya kinachofanywa katika gereji nyingi na mimi nilikikubali bila kuuliza. Lakini nafundisha kemia kidato cha tatu na cha nne, na swali moja tu ndilo lililonipasa kuliuliza kabla ya lita ile ya mafuta ya taa kuingia: kinachobanduka huko juu kinakwenda wapi?

Jibu nililipata kwa mzee mmoja mwenye gereji Ilala, ambaye tangu hapo amekuwa mwalimu wangu katika mambo haya. Nilimkuta akinawa mikono kwa sabuni ya unga, nikamwamkia, nikamweleza habari yote, nikamwomba afungue sampo, yaani bakuli la chini ya injini linalokaa oili. Alikataa. "Mwalimu, tusifungue kitu ambacho hatujakipima," alisema, akaenda kabatini akatoa geji yenye mpira mrefu. Alifungua swichi ya presha ya oili kwenye bloku, akafunga mpira wa geji mahali pake, akaniambia niwashe na niache injini ipate moto vizuri mpaka feni ya rejeta izunguke mara mbili. Injini ikiwa moto, sailensa, geji ilisoma psi 11. Kwa watu wengi habari ingeishia hapo, kwa sababu kiwango cha chini kinachokubalika kwa injini hiyo ni kilopaskali 29, yaani kama psi 4 tu, na sisi tulikuwa juu ya hapo. Mzee akanyanyua mizunguko hadi 3,000 kwa dakika na kuishikilia. Mshale ukapanda mpaka 34, ukasimama kidogo, halafu, huku mizunguko ikiwa ileile, ukaanza kushuka: 30, 25, 19.

Kushuka huko ndiko kulikobeba habari yote. Beringi za krenki shafti, yaani mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni, zikiwa zimelika, presha huwa ndogo injini ikiwa moto na sailensa, kwa sababu oili inapita kwa wepesi kwenye nafasi zilizopanuka, lakini hupanda kadiri mizunguko inavyoongezeka. Hapa ilikuwa kinyume: pampu ikizunguka polepole ilipata oili ya kuitosha, na ikizungushwa kwa kasi ilihitaji oili nyingi kuliko iliyoweza kuvuta. Maana yake kizuizi kilikuwa kabla ya pampu, upande wa kuvutia, na kabla ya pampu hakuna kitu kingine isipokuwa chujio la wavu lililozama ndani ya sampo. Ndiyo maana pia taa ilizimika nilipopumzisha gari: injini ikizimwa, mvuto unakoma, na vipande vilivyojibandika kwenye wavu vinadondoka chini ya sampo, vikisubiri safari inayofuata. Nilimwuliza mzee kama beringi zimepona. Aliniambia kwamba injini haijaanza kunoki, yaani kugonga kwa ndani, kwa hiyo tumshukuru Mungu, na tusiiwashe tena.

Sampo ilishushwa siku iliyofuata. Boliti zake ni ndogo, za spana namba 10, na hazina ugumu. Ugumu upo kwenye silikoni iliyoigandisha sampo kwenye bloku, ambayo hukatwa kwa kisu chembamba kinachopigwa taratibu pembeni, wala si kwa kuibandua kwa bisibisi, kwa sababu bisibisi hupinda mdomo wa sampo na sampo iliyopinda huvuja milele. Ilipoachia, nilitazama ndani kwa mara ya kwanza katika maisha yangu. Chini kulikuwa na tabaka la tope jeusi lenye unene wa kidole kidogo, laini juu na gumu chini, na ndani yake mlikuwa na vipande vilivyofanana na maganda ya rangi ya ukutani. Hayo maganda ndiyo yaliyokuwa yamebanduliwa na mafuta ya taa huko juu. Chujio lenyewe lilikuwa limezibwa zaidi ya nusu ya eneo lake. Nilipolisogeza karibu na mwanga niliona jambo jingine ambalo sikulitarajia: nyuzi za silikoni nyekundu, zilizobana kwenye wavu pamoja na tope. Mtu aliyewahi kufungua injini hiyo miaka ya nyuma alipaka silikoni nyingi kupita kiasi, na alipokaza boliti ile ya ziada ikaminywa kwa ndani, ikakauka, ikakatika, ikavutwa hadi kwenye chujio. Tangu siku hiyo, ninapoona fundi anapaka silikoni nene kama dawa ya meno, namwomba kwa heshima aipunguze. Mstari mwembamba wa milimita 3 hivi, usiokatika, unatosha.

Chujio tulilifungua, tukaliloweka katika mafuta ya taa usiku kucha, tukalisugua kwa mswaki, kisha mzee akapuliza upepo wa kompresa kuanzia upande wa pampu kwenda kwenye wavu, kinyume na njia ambayo oili hupita. Kupuliza kutoka upande wa wavu kungezisukuma chembe ndani ya bomba, na kutoka humo zingekwenda moja kwa moja kwenye pampu. Aliniruhusu nifanye mwenyewe kazi ya kusugua sampo, na nilijifunza kuvaa glavu, maana oili iliyotumika ina sumu zinazopenya kwenye ngozi, na kutotumia petroli kwa kuoshea, kwa kuwa mvuke wake hutambaa sakafuni na kulipuka kwa cheche ndogo tu.

Tukiwa tunasubiri chujio linaloloweka, nilipata muda wa kuliwaza tope lile kwa macho ya somo langu. Oili ya injini si kilainishi tu. Ndani yake mna viongezeo vinavyofanya kazi ya sabuni, ambavyo huzishika chembe za masizi na kuzizuia zisiungane, na vingine vyenye asili ya besi, hasa vya kalsiamu na magnesiamu, ambavyo huzimua asidi inayotokana na gesi za mwako zinazopenya kwenye ringi za pistoni. Gesi hizo hubeba pia mvuke wa maji, petroli ambayo haikuungua na oksaidi za naitrojeni. Viongezeo vikiisha, chembe zinaungana, oili iliyounguzwa na oksijeni inakuwa nzito na yenye kunata, maji yanaingia katikati, na tope linazaliwa. Joto huharakisha jambo hilo kwa kiasi kikubwa. Kwa kanuni ya kukadiria tunayowafundisha wanafunzi, mwendo wa mmenyuko huelekea kuongezeka maradufu kwa kila nyuzi 10 za selisiasi.

Hapo nikakumbuka karatasi iliyobandikwa kwenye kioo cha gari langu: badilisha oili baada ya kilomita 5,000. Niliifuata kwa uaminifu. Lakini kutoka Mbezi hadi shuleni ni kilomita 18, na nilikuwa nikitumia saa moja na nusu kuzimaliza, yaani kilomita 12 kwa saa. Kwa mwendo huo, kilomita 5,000 ni zaidi ya saa 400 za injini kuunguruma. Mtu aendaye Morogoro na kurudi kwa wastani wa kilomita 60 kwa saa anazimaliza kilomita hizohizo kwa saa 83. Tulikuwa tukitumia karatasi moja, naye oili yake ilifanya kazi ya saa 83 huku yangu ikifanya kazi mara tano ya hiyo, tena kwenye foleni, ambako upepo haupiti kwenye injini na gesi za mwako zinapenya muda wote. Hakuna kifaa katika dashibodi ya gari langu kinachohesabu saa, kwa hiyo hesabu hiyo ilinibidi niifanye mwenyewe, na natamani ningeifanya siku ya kwanza.

Baada ya sampo tulihamia juu. Tapeti kava, yaani kifuniko cha juu cha injini, ilipotoka tulikuta tope limekaa zaidi kwenye pembe, mbali na kemshafti, mhimili unaofungua vali, mahali ambapo oili hairushwi kwa nguvu. Ndani ya kava lenyewe kuna bamba la bati linalozuia oili isirukie kwenye bomba la hewa, na nyuma ya bamba hilo, mahali ambapo jicho halifiki, mlikuwa na tope jingi kuliko mahali pengine popote huko juu. Kava liliwekwa kwenye mafuta ya taa pamoja na chujio. Kwenye silinda hedi, kwa upande mwingine, mzee hakuruhusu hata tone la mafuta ya taa. Kwanza aliziba matundu ya kurudishia oili kwa vitambaa safi visivyotoa nyuzi, vyenye mikia mirefu ili visisahaulike ndani; kisha tukakwangua kwa vijiti vya mbao vilivyochongwa, tukifuta kila kipande kwa kitambaa kilicholowa oili mpya, bila kuharakisha. Kazi hiyo ilichukua saa nne. Kukwangua kwa bisibisi kungeliacha mikwaruzo kwenye alumini, na kipande kimoja kikidondokea upande wa cheni kingerudi kwenye sampo tuliyokwisha kuiosha.

Matundu ya kurudishia oili yanastahili kuzungumziwa zaidi, kwa sababu watu hufikiria njia za kupanda na kusahau njia za kushuka. Oili ikitoka kwenye pampu hupita kwenye filta, huingia kwenye mfereji mkuu wa bloku, hugawanyika kwenda kwenye beringi za krenki na kupitia ndani ya krenki kwenda kwenye beringi za koni rodi, na nyingine hupanda kwa tundu jembamba hadi kwenye kemshafti. Ikishamaliza kazi huko juu inapaswa kushuka kwa uzito wake yenyewe. Matundu ya kushukia yakiziba, oili hujikusanya kwenye hedi, hupenya kwenye sili za vali na kuungua, na gari hutoa moshi wa bluu. Mwenye gari huambiwa kwamba ringi zimekwisha, kumbe tatizo ni matundu mawili matatu yenye upana wa kidole. Kwenye injini yangu tundu moja la nyuma lilikuwa limebaki na uwazi wa kuingiza penseli.

Kwenye injini zenye VVT-i, yaani mfumo unaobadilisha wakati wa vali kufunguka, kuna mahali pengine padogo ambapo mafundi wengi hupapita. Vali inayoongoza oili kwenda kwenye gia ya kemshafti ina kichujio chake cha wavu, chenye ukubwa wa ncha ya kidole cha shahada, kilichofichwa nyuma ya plagi kwenye hedi. Kwa miezi kadhaa gari langu lilikuwa likiwasha taa ya injini na mashine ya kupimia ikisoma P1349, namba ya hitilafu ya mfumo huo, nami nilikuwa nimeshauriwa kununua vali mpya. Tulikitoa kichujio hicho kikiwa kimejaa tope mpaka wavu hauonekani. Kikaoshwa, kikarudishwa na oringi mpya, na namba ile haijaonekana tena hadi leo.

Yote haya ni mahali ambapo mkono unafika. Ndani ya krenki, kwenye tundu jembamba la kupandishia oili na kwenye matundu ya pistoni chini ya ringi, mkono haufiki isipokuwa injini ishushwe na kufunguliwa yote. Hapo ndipo mzee aliponipa ushauri ambao ulinigharimu subira: tope la ndani liondolewe na oili yenyewe, polepole, kwa viongezeo vyake vya kusafishia, huku oili ikimwagwa mapema kabla haijashiba uchafu. Alichagua oili ya 15W-40 yenye alama mbili kwenye kopo, CI-4 na SL, yaani iliyopimwa kwa injini za dizeli na za petroli pia, kwa kuwa oili za namna hiyo huwa na viongezeo vingi vya kusafishia. Si ya kudumu nayo kwenye gari la petroli lenye kichujio cha moshi kwenye eksozi, na baada ya kazi hiyo ya kusafisha tulirudi kwenye oili ya kawaida ya petroli.

Kabla ya kuwasha kwa mara ya kwanza tulichomoa fyuzi ya EFI, ili petroli isiingie, tukazungusha injini kwa staata kwa vipindi vifupi mpaka taa ya oili ikazimika yenyewe. Ndipo tukarudisha fyuzi na kuwasha. Geji ikiwa bado imefungwa, injini ikiwa moto, ilisoma 12 sailensa na 45 kwenye mizunguko 3,000, na safari hii mshale ulisimama pale ulipofika. Nilimwomba mzee aushikilie kwa dakika mbili nzima ili niamini.

Mzunguko wa kwanza wa oili, lita 3.7 pamoja na filta, niliumwaga baada ya kilomita 500. Wa pili baada ya 1,000, wa tatu baada ya 1,500, wa nne baada ya 2,000, na kila mara na filta mpya, hata pale ambapo filta ilionekana kuwa bado nzima kwa nje. Hili la filta nililisimamia kwa ukali, kwa sababu filta ikiziba hufungua vali yake ya dharura na kuiachia oili ipite bila kuchujwa, na injini inayosafishwa ndiyo inayohitaji kuchujiwa zaidi. Kila filta niliyotoa niliikata kwa mkasi wa bati, si kwa msumeno, ili chembe za chuma za msumeno zisinidanganye, nikaikunjua karatasi yake juani. Ya kwanza ilikuwa na vipande vyeusi katika kila mkunjo. Ya pili ilikuwa na vipande vidogo zaidi, kama majani ya chai. Ya nne ilikuwa na rangi nyeusi tu bila vipande, na hakuna hata moja iliyokuwa na mng'aro wa madini ya beringi, jambo lililonipa usingizi mzuri kuliko maneno ya mtu yeyote.

Kuna jambo moja ambalo lingeweza kunipotosha kama nisingekuwa na mzee. Baada ya mzunguko wa tatu, presha kwenye 3,000 ilishuka kutoka 45 hadi 43, nikafadhaika nikidhani chujio limeziba tena. Lakini mshale ulikuwa umesimama, haushuki ukishikiliwa. Njia za juu zikizibuka, oili hupata pa kupita, na presha kwenye mfereji mkuu hupungua kidogo. Injini iliyozibwa mbele ya geji inaweza kuonesha presha nzuri sana huku kemshafti ikikaukiwa. Ushahidi wa njia za juu ulikuwa kwingine: asubuhi, gari likiwashwa likiwa baridi, ule mlio wa cheni na tapeti uliokuwa ukidumu kwa sekunde nne hivi ulifupika mpaka ukawa haufiki sekunde moja. Kikazio cha cheni kwenye injini hii husukumwa na presha ya oili, na mlio ule ulikuwa ndio muda ambao oili ilitumia kukifikia.

Watu huniuliza kuhusu dawa za makopo za kusafishia injini. Sizipingi zote. Kwenye injini ambayo ikifunguliwa kifuniko inaonesha utando wa kahawia tu, usio na unene, dawa inayotumika sawasawa na maelekezo ya kopo haina madhara niliyoyaona. Lakini kwenye injini yenye tope la kukunjika, chochote kinachobandua kwa haraka, iwe dawa ya kopo, mafuta ya taa au dizeli, ni hatari mpaka sampo ishushwe na chujio lionekane kwa macho. Mafuta ya taa yana ubaya wa ziada: yanaipunguzia oili uzito katika dakika zilezile ambazo beringi zinaihitaji, na mengine hubaki kwenye pembe za injini baada ya kumwaga, yakichanganyika na oili mpya uliyoilipia. Kwangu utaratibu hauna mjadala: geji, sampo, chujio, hedi, ndipo yafuate yale ya kuyeyusha, na hata hayo kwa oili.

Tope hilo lisingefika huko kwa foleni peke yake. Vali ya PCV, ile ndogo iliyochomekwa kwenye tapeti kava na kuunganishwa kwa mpira na bomba la kuvutia hewa, ilikuwa imeganda. Kazi yake ni kuzitoa gesi za mwako kwenye injini na kuzirudisha zikaunguzwe. Vali nzima ikitikiswa sikioni hulia kama njugu. Yangu haikulia kabisa. Gesi zote zilizotajwa hapo juu zilikuwa zikibaki ndani na kupika oili. Mpya niliinunua mtaa wa Gerezani, na sehemu hiyo ndiyo ya bei ndogo kuliko zote nilizonunua katika kazi nzima.

Jingine ni oili niliyokuwa nikiinunua. Ilikuwa SAE 40 iliyopimwa kutoka kwenye pipa, na nilipoenda kulitazama pipa lenyewe nikiwa nimekwisha kuelewa herufi za API, zinazoonesha daraja la oili, nilikuta limeandikwa SF. Daraja hilo lilikusudiwa injini zilizotengenezwa mpaka mwaka 1988. Gari langu ni la 2003, na daraja la SL lilikuwa limekwisha kutoka tangu 2001, SM likafuata 2004 na SN 2010. Oili ya SF si bandia na muuzaji hakunidanganya. Maandishi yalikuwepo, mekundu na makubwa, nami nilikuwa sijayasoma. Siku hizi nasoma herufi hizo kwanza, ndipo natazama bei, na naomba kopo lifunguliwe mbele yangu.

Oili iliyomwagwa katika kazi hii yote, karibu lita ishirini, niliikusanya kwenye madumu. Seremala wa mtaani kwetu aliichukua ya kupakia nguzo za uzio dhidi ya mchwa, nami nilimsisitiza asiipake kwenye vitu vya ndani wala karibu na kisima. Mafuta ya taa tuliyooshea, yenye tope, yalibaki gereji katika pipa lenye mfuniko. Mtaro unaopita nyuma ya gereji unakwenda Mto Msimbazi.

Sasa namwaga oili kila kilomita 3,000 au miezi sita, kinachotangulia, na mara moja kwa mwaka tunafunga geji. Mwezi uliopita tulifungua tena tapeti kava kwa sababu gasketi ilikuwa imeanza kutoa jasho. Chuma cha kemshafti kilikuwa na rangi ya asali. Kwenye pembe ya nyuma, karibu na lile tundu la kushushia oili, bado kuna utando mweusi, mwembamba, mgumu, ambao haukubali kijiti wala kitambaa. Niliugusa kwa ukucha, nikamtazama mzee, naye akatikisa kichwa. Umeshikamana na chuma na hauzibi kitu. Tukaweka gasketi mpya, tukafunga kava juu yake.